UZI: Mnyama anapolea mtoto asiye wa jamii yake, anasukumwa na nini, na mtoto huishia wapi?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila kuletwa picha au video ya mbwa ananyonyesha paka wachanga, au simba amelala na ndama wa swala. Chini yake maoni ni yale yale: "wanyama wametushinda utu". Mimi wanyama nawapenda sana na picha hizo hunigusa mpaka leo. Ila nimezifuatilia habari hizi kwa muda mrefu, na naona tunasimuliana nusu tu, ile ya mama kumpokea mtoto. Nusu ya pili, yaani mtoto alikula nini na aliishia wapi, hakuna anayeileta. Naomba leo tuzitazame zote mbili.

Tuanze na Ndutu, ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, Tanzania. Julai 2017 mgeni aliyekuwa amefikia hoteli ya hapo alimpiga picha simba jike amelala ubavu, ametulia, ananyonyesha mtoto wa chui. Simba mwenyewe alikuwa anajulikana. Jina lake Nosikitok, umri miaka mitano hivi, shingoni ana kola ya kufuatilia nyendo zake iliyofungwa na mradi wa KopeLion. Alikuwa amezaa wiki chache tu nyuma, na wanawe aliwaficha umbali wa kama kilomita moja. Mtoto wa chui alikadiriwa kuwa na wiki tatu, yaani rika moja na watoto wake.

Kwa asiyejua, simba akikuta watoto wa chui kawaida yake ni kuwaua. Wale ni washindani wa mawindo yale yale. Luke Hunter wa shirika la Panthera, mtu aliyetumia maisha yake kuwachunguza paka wakubwa, alisema hakuwahi kupata habari ya jambo la namna hiyo porini. Baadaye Nosikitok alionekana tena, na mtoto wa chui hakuwa naye.

Mwaka uliofuata likatokea jingine, safari hii likaandikwa kwa kina. Desemba 2018, msitu wa Gir, jimbo la Gujarat nchini India, mahali pekee walipobaki simba wa Asia porini. Watafiti walimkuta simba jike mwenye watoto wawili wa miezi kama mitatu, na katikati yao kuna chui dume wa miezi miwili hivi. Walidhani kufikia kesho yake mambo yatakuwa yamekwisha. Yakaendelea kwa takriban mwezi mmoja na nusu! Alimnyonyesha, alimpa nyama ya mawindo yake, na watoto wake walicheza na yule chui kama ndugu yao. Kuna picha chui mdogo yuko juu ya tawi la mti, simba mdogo yuko chini. Hapo unaona kabisa kwamba chui amebaki na uchui wake.

Na mama aliwatenga watoto wote watatu na simba wengine. Hilo ni la kawaida kwa simba jike mwenye watoto wadogo, na ndilo lililompa yule chui nafasi ya kuishi. Mtihani ungekuja siku ya kukutana na kundi. Haikufika. Alikutwa amekufa karibu na maji, na uchunguzi wa mzoga ulionyesha ugonjwa wa ngiri (henia) ya paja aliozaliwa nao. Hakung'atwa na mnyama yeyote. Utafiti wa Stotra Chakrabarti na wenzake ulichapishwa mwaka 2020.

La tatu ndilo linaloniumiza. Hifadhi ya Samburu, Kenya, mwishoni mwa 2001. Simba jike kijana, anatembea peke yake bila kundi, watu wakampa jina la Kamunyak. Akamchukua ndama wa choroa. Walifuatana kwa zaidi ya wiki mbili, simba mbele ndama nyuma, wanalala wamegusana. Sasa fikirini: simba hana maziwa, na ndama hali nyama. Simba naye hakuweza kuwinda vizuri maana hakutaka kumwacha mtoto. Wote wawili wakakonda mbele ya macho ya watu. Siku moja simba mwingine akamuua yule ndama. Kamunyak akachukua mwingine, na mwingine, angalau watano zaidi kwa muda wa miaka miwili. Kuna wakati alimwacha mama choroa asogee kunyonyesha, kisha akamfukuza. Mara ya mwisho alionekana Februari 2004.

Hapo kuna mama wawili wenye maziwa, na mmoja asiye nayo. Shikeni hiyo tofauti, nitairudia. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu asante kwa uzi. Ila hapo Samburu sijaelewa. Huyo hakuzaa, hana maziwa, hana kundi. Wanaosema yote ni homoni watueleze zake zilitoka wapi. Mimi naona ni huruma tu, na huruma haihitaji maelezo.

#3 Mleta uzi

Huruma siikatai mkuu. Lakini nayo ina mahali inapoanzia mwilini, na ukipajua utaelewa kwa nini inamjia huyu na kumruka yule.

Anza na mama aliyezaa. Mtoto anapopita njia ya uzazi, ubongo wa mama hutoa homoni ya oksitosini kwa wingi, na kwa muda mfupi yuko tayari kumpokea mchanga yeyote aliye mbele ya pua yake. Muda huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Peter Klopfer alionyesha kwa mbuzi, miaka ya 1960, kwamba dakika 5 tu za kuwa pamoja baada ya kuzaa zinatosha. Mtoto akiondolewa baada ya hizo dakika 5 na kurudishwa baadaye, mama anampokea. Akiondolewa papo hapo alipozaliwa, kabla mama hajamlamba, anaporudishwa hupigwa pembe kama mgeni. Ni mwanawe wa tumbo, lakini mlango umeshafungwa.

Kondoo hali kadhalika. Ndani ya saa chache huwa ameikariri harufu ya mwanawe, na mwingine yeyote akisogelea kiwele anapigwa kichwa. Mwaka 1983 Barry Keverne na wenzake walichukua kondoo ambao mlango huo ulishafungwa, wakawasisimua njia ya uzazi kwa dakika 5 kana kwamba wanazaa upya. Wakawapokea wanakondoo wa wenzao! Wafugaji walijua mlango mwingine zamani sana kabla ya maabara: mwanakondoo amekufa, unamchuna, ngozi yake unamvika yatima. Mama ananusa mkia, anasikia harufu ya mwanawe, anasimama anyonywe. Baada ya siku chache ngozi inatolewa, maana kufikia hapo maziwa yake yameshampitia mtoto na harufu yake inamtosha.

Sasa mbwa, ambaye ndiye anaongoza kwenye hizi video. Mbwa jike kila akitoka joto, awe amepandwa au hakupandwa, mwili wake hupita njia moja ya homoni kwa karibu miezi miwili. Mwisho wake homoni ya mimba, projesteroni, hushuka, na ile ya maziwa, prolaktini, hupanda, na wapo wanaopata mimba ya uongo kamili. Chuchu zinajaa maziwa, anachimba mahali pa kuzalia, anabeba kiatu au mdoli kinywani na kuulalia, ukiugusa ananguruma. Mpe huyo paka wachanga uone. Mwili wake ulikuwa umeshajiandaa, ni watoto tu waliokosekana.

Nirudi kwa Kamunyak. Mwaka 1967 Jay Rosenblatt aliwawekea panya wasiowahi kuzaa watoto wachanga wa panya wengine, kila siku wapya. Siku za mwanzo waliwaogopa au kuwapuuza. Baada ya kama siku 6 au 7 wakaanza kuwakusanya, kuwalamba na kuwalalia. Hata waliotolewa ovari. Hata madume. Maana yake ni kwamba silika ya kulea imo ndani muda wote. Uzazi huiamsha kwa saa chache, na mtoto mwenyewe akikaa karibu huiamsha polepole. Kwa hiyo mnyama anaweza kuwa na moyo wote wa mama bila tone la maziwa. Kwa mtoto wa choroa hilo ndilo balaa, maana moyo haunyonywi.

#4 Mchangiaji

Wafugaji wa kuku haya tunayaishi. Kuku wa kienyeji ukimwekea mayai ya bata bukini au ya kanga haulizi. Yake yanaangua siku 21, hayo mengine yanakwenda siku 28 au karibu yake, na yeye anabaki juu anaatamia tu. Wakitoka ni wake. Anawafukulia, anawaita, akipita mwewe anawafunika.

Kasheshe ni siku ya kwanza kukuta maji. Bata wadogo wanaingia wote kwa mpigo, kuku anabaki ukingoni anakimbia huku na huku, manyoya yamesimama, anapiga kelele ile ya hatari. Wao wanaogelea. Anaingiza mguu mmoja, anautoa. Hawezi kuwafuata na hawezi kuondoka. Mimi kila nikiona hivyo huwa namwonea huruma sana.

#5 Mleta uzi

Mkuu umeleta kitu kizito. Kuku hana hesabu ya siku. Joto la mayai kwenye ngozi ya kifua ndilo linalomkalisha, na sauti ya kinda ndani ya ganda ndiyo inayombadilisha kutoka mwatamiaji kuwa mlezi. Bata akilia ndani ya yai, kuku anamjibu. Hiyo sauti inamtosha.

Na kwa ndege kuna kichocheo kingine: mdomo uliofunguka. Kinda akipanua mdomo wenye rangi kali, mzazi aliyeshika mdudu hana namna, lazima atie. Kule Marekani kuna ndege mwekundu aitwaye kadinali aliyewahi kupigwa picha ukingoni mwa bwawa akiwalisha samaki. Samaki wa mapambo wamezoea kuja juu na kufungua midomo, na ndege alikuwa kwenye msimu wa kulea.

Udhaifu huo una wanaouishi. Kekeo hutaga kwenye kiota cha ndege mdogo, na kinda lake likitoka, kabla hata halijafungua macho, huyabeba mayai ya mwenye kiota mgongoni na kuyasukuma nje. Yule mzazi mdogo atalilisha mpaka limzidi ukubwa mara kadhaa, anasimama begani kwake ili aufikie mdomo.

Ndege mwonyesha asali ndiye anayenitisha zaidi, yule yule anayeita watu msituni kuwapeleka kwenye mzinga. Naye halei watoto wake. Hutaga ndani ya mashimo ya ndege wengine, wakiwemo keremkerem wadogo. Claire Spottiswoode aliweka kamera mashimoni huko Zambia, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Kinda la mwonyesha asali huanguliwa kipofu, halina unyoya, lakini ncha ya mdomo wake ina kulabu kali juu na chini. Ndugu wa kambo wanapoanguliwa linawang'ata na kuwatikisa gizani mpaka wafe. Wiki chache baadaye kulabu zinapotea zenyewe. Mama wa kambo anaingia na mdudu, anautia kwenye mdomo uliowaua wanawe.

Nimeileta hii kwa makusudi. Silika inayomlaza Nosikitok chini anyonyeshe chui ni ndugu na hii. Haichagui mwema.

#6 Mchangiaji

Mimi nilishaacha kuziamini hizi habari. Nyingi za mitandaoni ni za kutengeneza. Nani anakuwepo na kamera nzuri kila mtoto wa mnyama anapookolewa?

#7 Mleta uzi

Una haki ya kushuku mkuu. Ipo picha maarufu sana ya chui milia jike amelala na watoto wa nguruwe waliovikwa vifuko vyenye milia. Inasambazwa na hadithi kwamba yuko zuu ya California, watoto wake walikufa, akaugua kwa huzuni, wakampa nguruwe akapona. Hadithi ni ya uongo. Picha ni ya zuu moja nchini Thailand, ilikuwa sehemu ya maonyesho ya kuwavutia watalii, ambapo nguruwe pia walitumika kunyonyesha chui milia wachanga.

Mimi nikiona video huuliza mambo matatu. Mama mzazi wa huyo mtoto yuko wapi? Maziwa yanatoka kwa nani? Na anayepiga picha alifikaje hapo kabla ya tukio? Video ya nyoka anayemzingira kitoto cha paka huku kamera imetulia kwenye pembe safi, huyo nyoka amewekwa, na mtoto huyo amewekwa. Kuitazama mpaka mwisho na kuisambaza ni kumlipa aliyemweka. Tafadhalini tusizisambaze hapa.

Hilo swali la mama mzazi lina uzito hata porini. Kisiwa cha Jicarón, Panama, ndani ya Hifadhi ya Coiba, watafiti walitega kamera ili kuchunguza kima aina ya kapuchini wanaotumia mawe kama zana. Wakaona kima dume kijana amebeba mgongoni kichanga cha jamii nyingine kabisa, kima wapiga mayowe. Ilikuwa Januari 2022. Mwanzoni walifikiri ni yatima aliyeokotwa. Zoë Goldsborough akazipitia picha moja moja, wakakuta baada ya muda madume wengine wanne wameiga. Jumla ya vichanga 11 katika miezi 15. Na hawakuwa yatima. Waliibwa. Kwenye baadhi ya video wazazi wao wanasikika mitini wanawaita, na vichanga vinaitika.

Madume yale hayakuwatesa makusudi. Waliwabeba kwa siku kadhaa, mmoja hadi siku 9. Lakini dume hana maziwa. Vinne vilionekana vimekufa, na hakuna ushahidi kwamba hata kimoja kiliokoka. Utafiti ulitoka mwaka 2025. Ungepiga picha moja tu, ya siku ya kwanza, ungeandika chini yake "huruma haina mipaka".

#8 Mchangiaji

Uzi mzuri lakini umetukatisha tamaa aisee. Kwa hiyo hakuna hata mtoto mmoja aliyelelewa na mwingine akakua?

#9 Mleta uzi

Wapo mkuu, na ninafurahi umeuliza, maana ninayempenda kuliko wote bado sijamleta.

Ni Rangiroa, visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, mwaka 2014. Pomboo jike wa kawaida, mwenye mdomo mrefu kama chupa, tayari ana mtoto wake wa kike mdogo. Ghafla akaonekana na wa pili ubavuni: dume wa takriban mwezi mmoja, mweusi, uso butu, hana kile kidomo. Alikuwa ni wa aina nyingine kabisa, wale wenye kichwa cha duara wanaoishi bahari kuu. Pamela Carzon na wenzake waliwafuatilia kwa miaka.

Pomboo kulea wawili kwa mpigo ni kazi nzito hata wote wakiwa wake. Huyu alifanya hivyo. Mtoto mgeni hakuwa mpole: kila mara alimsukuma dada yake atoke chini ya tumbo la mama, pale ambapo mtoto wa pomboo hubebwa na mkondo wa maji bila kutumia nguvu. Dada alitoweka kabla ya kufikisha miaka miwili. Mgeni akabaki mpaka 2018, umri wa kuacha ziwa. Akajifunza mambo ya kundi, kuruka na kuteleza kwenye mawimbi na vijana wa pomboo kama mmoja wao.

Kwa nini huyu alifanikiwa? Mama alikuwa na maziwa wakati ule ule. Maziwa yenyewe yalikuwa ya jamii iliyo karibu. Kundi halikumfukuza. Na mtoto alijua kung'ang'ania. Ukiondoa kimoja unarudi Samburu.

Maziwa si kitu kimoja jamani. Ya ng'ombe yana mafuta asilimia 4 hivi, ya mbwa hufika 9, ya kifaru hayafiki hata asilimia 1, na wapo sili ambao yao yanazidi asilimia 50. Daphne Sheldrick, aliyekuwa na kituo cha kulea ndovu yatima huko Kenya, alihangaika kwa miaka mingi kabla ya kupata mchanganyiko unaomfaa ndovu mchanga, na mafuta ya nazi ndiyo yaliyomfungulia njia. Alipolipata hilo, akafunzwa la pili kwa uchungu. Ndovu wake Aisha alikua vizuri kwa miezi, Daphne akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, na Aisha aligoma kula akafa. Alikuwa amemshika mtu mmoja tu. Tangu hapo walezi wa kituo hicho hubadilishana zamu, hata ya kulala na ndovu usiku, ili mtoto awe na familia.

Ndiyo maana namweka kiboko Owen kwenye fungu lake. Aliokolewa baharini karibu na Malindi Desemba 2004, wakati wa tsunami, akapelekwa Haller Park, Mombasa. Siku ya kwanza tu alikimbilia nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130. Mzee ni dume, ni mtambaazi, hajawahi kulea mtoto maishani mwake. Alimpa nini? Mgongo wa kujificha. Owen alikuwa na mwaka hivi na uzito wa kilo 300, alishaanza kula majani, na alimfuata kobe mpaka kwenye chakula. Hakuhitaji kunyonya, alihitaji kutokuwa peke yake. Kwa umri ule ilitosha, na baadaye akawekwa na kiboko mwenzake wa kike, Cleo.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni akili ya mtoto anapokua. Keith Kendrick na wenzake walibadilishana: wanambuzi wakalelewa na kondoo, wanakondoo wakalelewa na mbuzi. Walichapisha mwaka 1998. Walipokua, wote walitaka kukaa na jamii ya mama mlezi, na hata wa kupandana nao waliwachagua huko. Majike walirudi kwa jamii yao ndani ya mwaka mmoja au miwili. Madume, miaka mitatu baada ya kuchanganywa na wenzao, bado walikuwa wanafuata jamii ya aliyewanyonyesha. Yule chui wa Gir angekua, huenda hili lingemkuta.

#10 Mchangiaji

Nimesoma yote. Nina jambo la leo leo. Paka amekufa ameacha watoto wa wiki moja, wanne. Hapo hapo kuna mbwa jike amezaa siku kama kumi zilizopita, ana watoto watatu tu na maziwa mengi. Niwape au niwanyonyeshe kwa chupa?

#11 Mleta uzi

Pole sana mkuu. Umri umekaribiana na mbwa yuko kwenye maziwa, kwa hiyo jaribu, ila kwa utaratibu.

Kwanza wapashe joto. Paka mchanga aliyepoa hawezi kumeng'enya, usimpe chochote akiwa baridi. Kisha chukua kitambaa anacholalia mbwa na watoto wake, wasugue nacho paka mwili mzima, hasa mgongoni na chini ya mkia, maana hapo ndipo atakaponusa kwanza. Mbwa awe ametoka kula na amelala, mtu anayemwamini akae kichwani kwake. Weka paka mmoja tu katikati ya watoto wake, karibu na chuchu za nyuma ambako maziwa ni mengi. Akinusa na kulamba, ongeza wa pili. Akikaza mwili, akakodoa macho au akainua mdomo, toa na ujaribu tena baadaye. Usimlazimishe na usimwache nao peke yake siku za mwanzo, kwa sababu mbwa anaweza kumuumiza mtoto mchanga kwa kumbeba vibaya tu.

Angalia sana kama anawalamba chini ya mkia. Paka wa umri huo hawakojoi wala hawapati choo mpaka walambwe, wanabaki hivyo kwa wiki kama tatu. Mbwa akiifanya hiyo kazi, amekuokolea nusu ya usumbufu. Asipoifanya, ifanye wewe kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu kila baada ya kunyonya.

Wapime kila siku, saa ile ile. Uzito ukisimama siku nzima, ongeza chupa yenye maziwa maalumu ya paka wachanga. Ya ng'ombe matupu yatawaharisha. Wakifikisha wiki nne anza chakula laini cha paka, usiwaachie cha mbwa, kwa sababu paka anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini kwa wingi kwenye chakula na cha mbwa huwa hakimtoshi.

Kuhusu tabia usihofu. Zing-Yang Kuo aliwahi kukuza paka pamoja na panya, akachapisha mwaka 1930: kati ya 18 waliokua hivyo, 3 tu ndio walikuja kuua panya, wakati kati ya 21 waliomwona mama yao akiua, 18 waliua. Wa kwako watakua hawaogopi mbwa. Kwa hiyo wakianza kutembea wazuie wasitoke nje ovyo, maana watamkimbilia mbwa yeyote wakidhani ni wa nyumbani, na huyo wa nje hakuwalamba wakiwa wachanga.

Tuletee mrejesho kesho baada ya kuwapima.